Tusiihukumu Motokaa kwa Kilomita Zake

Neno moja limekuwa kama wimbo katika mikutano yetu kando ya ziwa, tangu Uvira kushuka mpaka Baraka, na katika bonde la Ruzizi kupanda mpaka Kamanyola. Halmashauri ya parokia ikikutana, au chama cha akina mama wauza ndagala, au ushirika wa wakulima wa mpunga, haikawii mtu kusimama na kusema: "Pikapu yetu imezeeka. Imekwisha kwenda kilomita 400,000. Tuiuze, tununue nyingine." Watu hupiga makofi. Mwenye shaka hunyamaza, maana hapendi kuitwa adui wa maendeleo.

Sisi hatutanyamaza. Neno hilo twaona husemwa kwa haraka mno, na haraka hiyo huwagharimu wanyonge fedha walizozitoa senti kwa senti. Wala hatusemi kwamba kila motokaa kuukuu itengenezwe. Ziko zinazostahili kuvunjwa leo kabla ya kesho. Twasema hivi: shauri la kutengeneza au kununua haliamuliwi na namba iliyo mbele ya dereva. Laamuliwa na mambo mawili, mifupa ya motokaa na daftari ya mwenyewe. Na mahali ambapo daftari haipo, hata pikapu iliyotoka kiwandani jana itakuwa kuukuu kabla ya wakati wake.

Tuanze na namba yenyewe. Yatuambia nini? Katika motokaa za zamani zenye tarakimu 5, saa ya kilomita ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri, kana kwamba motokaa imezaliwa upya. Katika nyingine wachuuzi huirudisha nyuma kwa mkono au kwa kompyuta, ndiyo maana tunaona mashine zenye usukani uliolika na pedali zilizochakaa, nazo zinadai hazijamaliza kilomita 80,000. Hata namba isiyo na udanganyifu haisemi kilomita hizo zilikwendwa wapi. Kilomita 1 ya lami si sawa na kilomita 1 ya mashimo na vumbi ya njia ya kusini, kupitia Makobola, Swima na Mboko. Wala kilomita ya motokaa iliyobeba mzigo wake si sawa na ya ile iliyobebeshwa mara mbili.

Na hapa tuseme ukweli. Pikapu hizi tunazozijua, Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser, zimeundwa kubeba tani 1 hivi. Sisi twazipakia magunia ya mihogo, mapipa ya mawese, vikapu vya ndagala, na juu ya yote hayo watu 15 wameshikilia kamba. Springi zikivunjika twasema: "Motokaa imezeeka." Sivyo! Haikuzeeka, imeteswa. Anayeua punda kwa mzigo asiseme punda alikufa kwa miaka.

Chukueni mfano wa injini iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika katika Land Cruiser mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, ya dizeli, haina turbo. Mafundi wa nchi zetu wanaijua kama mama ajuavyo mtoto wake. Ikibadilishiwa mafuta na chujio kwa wakati wake, na mkanda wake wa vali ukibadilishwa kabla haujakatika, huenda mbali kupita 400,000. Lakini mkanda ule ukiachwa mpaka ukatike, injini nzima huweza kuharibika siku hiyo hiyo, hata kama saa yasema 120,000 tu. Basi, kilicho muhimu ni nini, kilomita au matunzo?

Tutazame sasa mifupa. Chini ya kila pikapu kuna chasisi, ile mihimili miwili mirefu ya chuma inayobeba injini, kabati la dereva na sanduku la mizigo. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, milango hupigwa rangi. Lakini chasisi ikioza au ikipasuka mahali pengi, motokaa imekufa, ijapokuwa bado inatembea. Fundi mwaminifu huosha matope kwanza, kisha huingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti ya gogo. Hutazama mahali springi zinapofungwa, na mahali sanduku la usukani linaposhikwa na boliti, maana huko ndiko nyufa huanzia. Huchukua kamba na kupima toka pembe hadi pembe, ajue kama mihimili imepinda kwa ajali iliyofichwa. Baada ya hayo tu ndipo hufungua boneti. Moshi wa buluu humwambia kwamba mafuta ya injini yanaungua ndani. Hupima mgandamizo wa kila silinda kwa saa yake.

Kwetu sisi wa ufuko huu kuna jambo la kuongeza. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, na mwaka 2024 likaingia mitaani. Motokaa nyingi zilipita majini, tena si mara moja. Basi fundi afungue tundu la difu atazame mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na beringi zimeanza kuliwa na kutu. Hilo hutengenezwa kwa fedha kidogo likijulikana mapema, na kwa fedha nyingi likichelewa. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wanaocheka vitu vya zamani tunawaomba watazame ng'ambo ya ziwa letu, Kigoma. Meli iitwayo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito, kama watu wanaojua kwamba kitu chema hakitupwi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zikaondolewa, zikawekwa za dizeli. Na mwaka 1997 meli hiyo hiyo ndiyo iliyowarudisha nyumbani maelfu ya wakimbizi wa Congo waliokuwa wamevuka kwenda Tanzania. Labda miongoni mwenu mnaosoma wapo waliopanda.

Liemba haikudumu kwa bahati. Waliokuwa nayo walitazama bodi ya chuma, wakaiona nzima, wakabadilisha moyo wa meli na kuacha mifupa. Kama wangehesabu miaka tu, wangeiacha chini ya maji.

Najua, watasema wengine, lakini meli si pikapu! Kweli. Ndiyo maana twasema bila kuficha: kama nyundo ya fundi imeonyesha chasisi iliyopasuka na kuchomelewa mara tatu, acheni. Kama vipuri vyake havipatikani tena Uvira, Bukavu wala Bujumbura, acheni. Kama kila mwezi kinaharibika kitu kipya, na fedha za matengenezo za mwaka mmoja zinakaribia bei ya motokaa yenyewe, acheni. Wanaoshikilia maiti kwa sababu "ilitufaa sana" wamekosea sawa na wanaotupa kilicho hai.

Lakini mkiiacha, msifanye dhambi ya pili. Iko desturi mbaya ya kupaka rangi maiti hiyo, kubana nyufa kwa gundi na bati, kisha kumwuzia kijana wa kijiji cha mbali anayetafuta riziki ya kubeba abiria. Fedha mnapata, na safari ya makaburini mnampa yeye pamoja na abiria wake. Motokaa iliyokufa iuzwe vipande vipande: injini kwa anayetaka injini, magurudumu kwa anayetaka magurudumu, na chasisi ikatwe kwa msumeno ili asiwepo wa kuifufua.

Tuje sasa kwa hiyo "nyingine" inayosifiwa. Waswahili walisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Tena, wapendwa, hiyo mnayoiita mpya mara nyingi si mpya. Ni motokaa iliyotumika miaka mingi Japani, ikashushwa Dar es Salaam, na historia yake hakuna anayeijua. Ile ya zamani mnajua magonjwa yake yote. Hii mnanunua pamoja na siri zake.

Nyingi kati ya hizo zina usukani upande wa kulia, maana Japani, kama Tanzania, hushika kushoto mwa njia. Sisi Congo, na jirani zetu wa Burundi, twashika kulia. Dereva aliyeketi kulia akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka pua ya motokaa imekwisha kutoka nje. Fikirini jambo hilo katika kona za Ngomo, mahali njia itokayo Bukavu inapoteremka kuelekea Kamanyola, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Na wako wanaouhamisha usukani kwa kuchomelea chuma katika karakana zisizo na vipimo. Hao twawaambia: usukani si mguu wa meza.

Tena injini za dizeli za siku hizi, zinazosukuma mafuta kwa nguvu kubwa na kuongozwa na kompyuta, zataka mafuta safi. Sisi twanunua wapi mafuta yetu? Mara nyingi katika madumu na chupa kando ya njia, na ndani yake kuna maji na vumbi. Injini ya zamani hukohoa na kuendelea. Ile mpya, matundu ya kunyunyizia mafuta yakiharibika, husimama. Na fundi wa kijijini hana kifaa cha kuiuliza kompyuta yake inaumwa nini. Hatusemi motokaa hizo ni mbaya. Ni nzuri mahali penye mafuta safi na mafundi wenye vifaa. Swali letu ni kama mahali hapo ni hapa.

Na liko jambo ambalo kila mtu wa ufuko huu alijua tangu vita vya mwaka 1996: vurugu zikija, motokaa inayong'aa ndiyo hutafutwa kwanza.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo maneno mengi huishia. Tuseme, kwa mfano tu, pikapu yenu hwenda kilomita 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Tuseme motokaa nyingine itawagharimu dola 24,000 na kuwatumikia miaka 10, yaani kilomita 240,000. Gawanyeni: kila kilomita inakula senti 10 za dola, kabla ya kununua mafuta na matairi. Safari ya Uvira hadi Baraka kwenda na kurudi, karibu kilomita 200, imekula dola 20 za motokaa yenyewe.

Tuseme sasa fundi ameona chasisi ni nzima, naye asema: injini ifunguliwe na kufanywa upya, breki, klachi, springi na beringi zibadilishwe, kwa dola 6,000, nayo itawapa miaka 4, yaani kilomita 96,000. Gawanyeni tena: senti 6 na robo kwa kilomita. Kutengeneza kumeshinda. Lakini kama matengenezo hayo hayo yatawapa mwaka mmoja tu, kilomita 24,000, kila kilomita imekula senti 25, na kununua kumeshinda. Mwaona? Hesabu haina upendeleo. Haimpendi mzee wala kijana. Tena ongezeni siku ambazo motokaa hulala karakana na kazi husimama, maana hizo nazo ni fedha.

Lakini nani atafanya hesabu hiyo? Ni mwenye daftari peke yake. Tuulize halmashauri zetu: mwaka jana pikapu ilikula lita ngapi? Ilikwenda kilomita ngapi? Mafuta ya injini yalibadilishwa tarehe gani? Nani aliikopesha kwa arusi, na nani alilipa? Mara nyingi jibu ni: "Dereva anajua." Na dereva akihama, ameondoka na kumbukumbu zote. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hapo ndipo wanaposimama wale wasemao: "Tuandike barua kwa wafadhili wa Ulaya, watatupa mpya." Wenzetu hao wameona motokaa nyeupe za mashirika zikibadilishwa kila baada ya miaka michache, nao wamedhani huo ndio ustaarabu. Hawakuuliza fedha zile zatoka wapi. Shirika huuza motokaa yake ingali na bei nzuri, kwa mpango ulioandikwa tangu siku ya kwanza, na fungu la kununua nyingine limekwisha tengwa. Sisi twaiga kubadilisha, lakini kutenga hatuigi!

Zawadi si kitu kibaya, na shukrani ni wajibu. Lakini motokaa ya zawadi hunywa mafuta sawa na ya kununuliwa, matairi yake huisha vilevile, na siku ya kwanza ya kuharibika haitoi taarifa kwa mfadhili. Aliyepewa bila kuweka akiba atakuwa ombaomba tena baada ya miaka 5. Je, hiyo ndiyo heshima tunayoitafuta?

Maana, tusifichane, mara nyingi kinachosema si hesabu bali aibu. Kigango cha jirani kimepata pikapu inayong'aa, na sisi twashuka kwenye mkutano kutoka katika pikapu yenye mlango wa rangi nyingine. Basi twataka tubadilishe. Ndugu, mlango wa rangi nyingine haujamwua mtu.

Breki mbovu ndizo zinazoua. Na hapa tunawajibu wale wenye hoja nzito kuliko zote, wanaouliza: mama mwenye uchungu wa kuzaa akichukuliwa usiku, na motokaa kuukuu ikakwama njiani, nani atajibu? Swali hilo ni la haki, wala hatulikwepi. Barabara yetu haisamehe. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika na kushika moto, na watu zaidi ya 230 wakafa. Hatusemi uzee wa lori ndio uliosababisha. Twasema tu kwamba aliye na chombo barabarani ameshika maisha ya watu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: pikapu ama itengenezwe kikamilifu, ama isimame. Haiko njia ya katikati. Fedha ya kwanza iende kwenye breki, usukani na matairi; ya pili kwenye chasisi na springi; ya tatu kwenye injini. Rangi, redio na viti vya ngozi vingoje. Tumeona wanaofanya kinyume, wakaanza na rangi na redio, kisha wakamwambia dereva apampu breki mara tatu kabla ya kona. Huko si kutengeneza. Na yule mama wa usiku ule hatasaidiwa na pikapu mpya iliyosimama kwa kukosa mafuta, kwa sababu fedha zote zilikwisha siku ya kuinunua.

Basi, ninyi wazee wa halmashauri, makatekista, wenyeviti wa vyama, na ninyi akina mama mnaotoa vikapu vyenu ili motokaa ipate kutembea: kabla ya kupiga kura, takeni mambo matatu. Kwanza, pikapu itazamwe na fundi ambaye hatapata kazi ya kuitengeneza wala faida ya kuuza nyingine, naye aandike aliyoyaona, kuanzia chasisi. Pili, daftari isomwe mbele ya wote. Na kama haipo, ianzishwe siku hiyo, nayo ikae kwa mtu asiye dereva. Tatu, lifunguliwe kasha la kilomita: kila safari, awe paroko au mwenyekiti aliyesafiri, senti 10 kwa kilomita ziingie humo, wala zisiguswe kwa karamu.

Mkitengeneza leo na kushika kasha hilo katika mfano wetu, baada ya miaka 4 mtakuwa na dola 9,600 mkononi, pamoja na motokaa mnayoijua. Hapo mtu akisimama kusema "tununue nyingine," nasi tutapiga makofi pamoja naye, maana atakuwa amesema neno lenye fedha nyuma yake. Lakini leo, asimame kwanza mwenye daftari.